Sura ya Tano: Kamba Ndani ya Pampu

Saa mbili asubuhi Inspekta Scolastika Mwinuka alimtoa fundi Elius Mligo mahabusu, akampeleka mtaa wa Mjimwema, akamfungua pingu na kumkabidhi bisibisi. Konstebo Davis nusura ameze ulimi.

"Afande," alinong'ona, "huyu si ndiye mshukiwa wetu?"

"Ndiye. Na ndiye mtu pekee ninayemjua hapa Njombe anayeweza kuifungua pampu ya jakuzi bila kuiharibu. Au wewe unaweza?"

"Hapana, afande."

"Basi simama hapo mlangoni, uniangalizie mikono yake."

Walikuwa kwenye kibanda cha mitambo nyuma ya loji ya Hilario Nyagawa. Baridi ya Juni ilikuwa haina adabu, inaingia hadi kwenye mifupa. Baridi hiyohiyo ndiyo iliyompa Hilario jina mjini, maana alinunua jakuzi, lile beseni kubwa ambalo pampu inalizungushia maji moto yakabubujika, na wageni wakawa hawabanduki. Jumamosi iliyopita jioni, mwalimu mstaafu Romani Luoga aliingia humo kuutuliza mgongo wake. Aliposhika chuma cha ngazi ili atoke, umeme ukampiga, akafa palepale.

Mkubwa wake Scolastika hakutaka hadithi ndefu. Elius alikuwa ameifungua pampu ile wiki tatu kabla na kubadilisha kifaa chake, kwa hiyo Elius ndiye aliyeua. Saa nane mchana siku hiyo fundi angepandishwa kizimbani asomewe shitaka la kuua bila kukusudia. Scolastika alikuwa na saa sita tu za kujua kama mtu sahihi ndiye anayepelekwa jela, na hakuwa mwanamke wa kuchezea saa zake.

"Anza," alimwambia fundi. "Kila unachoshika, kitaje, niambie na kazi yake."

Elius alipuliza viganja vyake. Siku nne za mahabusu zilikuwa zimemkausha, lakini vidole vilipogusa pampu, akili yake yote ikamrudia.

"Hii nyuma ni mota, afande. Ndiyo inayokula umeme. Hiki mbele ni kichwa cha pampu, humu ndimo maji yanamopita. Hapa katikati ndipo penye roho ya kitu chenyewe." Alifungua boliti nne, akakivuta kichwa. "Hii yenye mabawa ni impela, ndiyo inayosukuma maji. Imekaa kwenye shafti, na shafti inatoka kwenye mota. Sasa shafti inapita kwenye tundu, sivyo? Na maji yanataka kupita tundu hilohilo yaende kwenye mota. Anayeyazuia ni sili. Hiyo sili ndiyo niliyobadilisha."

"Nioneshe."

Elius alishika shafti kwa spana, akaizungusha impela kinyume, ikatoka. Akachungulia, akarudi nyuma hatua moja.

"Mungu wangu! Hii nini tena?"

Hapakuwa na sili. Tundu lilikuwa limejazwa kamba ya pamba iliyosukwa nyuzi tatu, imezungushwa kwenye shafti mizunguko mitano, imekandamizwa kwa kibati kilichokatwa kutoka kwenye kopo la rangi. Scolastika aliivuta kwa koleo, akainusa. Nta ya nyuki na mafuta ya ng'ombe.

"Huu si mkono wangu, afande," Elius alisema. "Nakuapia kwa mama yangu. Nilifunga sili mpya, nilinunua Makambako kwa Brightness. Muulizeni!"

"Angesema nini kingine?" Davis alinung'unika pale mlangoni.

"Mnampa muuaji vyuma?"

Hilario mwenyewe alikuwa ametokea, koti la ngozi mwilini, rundo la funguo likining'inia kwenye mkanda. Alikuwa mtu mnene wa sauti, mzoefu wa kusikilizwa.

"Shikamoo, Bwana Nyagawa," Scolastika alisema. "Elius alipomaliza kazi yake, nani mwingine aliigusa hii pampu?"

"Hakuna! Nimeandika kwenye maelezo yangu, nimetia na sahihi. Tangu aondoke huyu mjinga hakuna kiumbe aliyeigusa. Mimi nina utaratibu, Inspekta. Hata boksi la umeme lile pale, ufunguo wake ni mmoja na haubanduki kiunoni kwangu. Nikilala nalala nao. Na fundi umeme wenu mwenyewe aliipima breka ya usalama iliyomo humo, ile ya kukata umeme, Jumapili, akaikuta nzima. Kwangu kila kitu kizima, isipokuwa kazi ya huyu."

"Nimesikia," Scolastika alisema, akaitia ile kamba kwenye mfuko wa nailoni. "Davis, mrudishe fundi kituoni, halafu washa gari. Tunakwenda Makambako."

Pembeni ya geti mlinzi, Mzee Ebeneza, alikuwa ameinama juu ya jiko la mkaa kama anayeota moto. Walipopita hakuinua kichwa, wala jiko lenyewe halikuwa na moto. Scolastika aliliona hilo, akaliweka akilini.

Duka la Brightness Sanga halikuwa mbali na njia panda ya Makambako, limejaa mabomba hadi darini. Mwenyewe alikuwa Mkinga wa maneno mengi na biashara iliyonyooka, kitenge kiunoni, kalamu sikioni.

"Kamwene, dada," Scolastika alimsalimia.

"Kamwene. Karibuni. Polisi asubuhi yote hii, mmekuja kununua au kunifunga?"

"Inategemea," Davis alisema kwa ukali. Njia nzima alikuwa amejishawishi kwamba duka hili lilimuuzia Elius sili feki, ikayeyuka ndani ya pampu, basi kesi imekwisha. "Sili uliyomuuzia Elius Mligo ilikuwa halali?"

Brightness alimkata jicho kuanzia kofia hadi viatu. Aliinama chini ya kaunta, akaibuka na kiboksi, akamimina vipande viwili kwenye kiganja.

"Hii hapa, pacha wa ile niliyomuuzia. Njoo, kaka, usiogope, haiumi. Hii pete nyeupe ni ya kauri, inakaa kimya kwenye nyumba yake, haizunguki. Hii nyeusi ina springi mgongoni, inakaa kwenye shafti na kuzunguka nayo. Springi inaisukuma nyeusi iibusu nyeupe. Pitisha kidole hapo katikati. Kinapita?"

"Hakipiti."

"Basi na maji hayapiti. Hata tone. Sili ikiwa nzima unaweza kuweka unga mkavu chini ya mota, jioni ukausongea ugali. Sasa niambie, hii inayeyukaje?"

Davis akajikuta anaitazama sili kwa heshima. Scolastika alicheka moyoni, kisha akaiweka ile kamba juu ya kaunta.

"Na hii je?"

Brightness aliigeuza kwa ncha ya kalamu, akainusa, akapiga makofi. "Weee! Nani kawafungia mambo ya babu? Hii ni ya mashine za maji, vile vinu vya mahindi vinavyosukumwa na mto. Ilikuwa kazi yao hii, pamba, nta na mafuta. Siku hizi nani anasuka?"

Scolastika alijua. Kwao Mlangali utotoni alikuwa akibeba debe la mahindi kwenda kwenye kinu kama hicho, na aliyekiendesha, ambaye leo angekuwa rika la yule mlinzi wa getini, hakuruhusu mtoto asogee pale kamba ilipofungwa.

"Inazuia maji?" aliuliza.

"Haizuii, inayapunguza. Ndivyo ilivyoumbwa. Lazima idondoke, tone, tone, maji ndiyo yanayoipoza. Ukiikaza hadi iache kudondoka inaungua, inakata na shafti. Kwenye kinu hakuna neno, tone linaanguka chini, udongo unakunywa. Lakini kwenye pampu ya jakuzi, dada yangu, mota iko mgongoni hapohapo. Tone linaingia kwenye umeme."

"Ndiyo iliyomuua Mwalimu!" Davis alisema.

"Aa, hapo sasa sielewi," Brightness alisema, akakuna kichwa kwa kalamu. "Waya wa ethi, ule unaoingia ardhini, peke yake Juni hii, udongo ulivyokauka, haikuokoi, ni kweli. Lakini kuna breka ya usalama. Elius aliinunua hapahapa walipofunga jakuzi. Ile kazi yake ni moja, umeme ukivuja kidogo tu, inakata kabla hujapiga chafya. Tone likigusa mota, giza. Unaiwasha, tone lingine, giza tena. Mtu hafi. Mtu anachoka tu kuwasha."

"Rudia hapo pa mwisho."

"Mtu anachoka kuwasha."

Scolastika aliichukua kamba yake, akamshika Brightness mkono kwa mikono miwili. Moyo ulikuwa umemwepesika. Alikuwa ameipata.

Ndani ya gari Davis alikunja uso. "Afande, kwa hiyo breka ilikuwa mbovu?"

"Jumapili ilipimwa, ikawa nzima."

"Sasa Jumamosi?"

"Jumamosi ilipewa likizo. Kanyaga mafuta, saa nne na robo hii."

Waliingia Njombe saa tano na dakika ishirini. Scolastika hakwenda kwa Hilario. Alivuta kigoda, akaketi karibu na mlinzi pale getini kama binti aliyekuja kumtembelea baba yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee Ebeneza, kabla ya ulinzi ulifanya kazi gani?"

Mzee, bila kupenda, mgongo ukamnyooka. "Kinu, mwanangu. Kinu cha misheni, cha maji. Miaka thelathini na moja."

"Na kamba ulikuwa unasuka mwenyewe?"

Mzee alikuwa anautazama ule mfuko wa nailoni mikononi mwa Scolastika. Akanyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu.

"Nifunge. Mimi ndiye niliyemuua Mwalimu Luoga. Tangu Jumamosi sijala, chakula kinanirudi. Yule kijana hana kosa. Nilitaka kuja kituoni, bosi akaniambia nikifungua mdomo nitafia jela na wajukuu wangu watalala njaa. Nikaogopa. Mzee mzima nikaogopa!"

"Rudisha mikono, mzee. Nataka kuanzia mwanzo. Kwa nini uliisuka?"

Akaeleza, Davis akiandika. Jumatano bosi aliwasha pampu akasahau kwamba beseni ni tupu. Pampu ikazunguka kavu, sili ikapata moto, pete ya kauri ikapasuka. Elius alikuwa kazini Kitulo, angerudi Jumatatu, na Ijumaa walikuwa wanaingia wageni wa harusi. Bosi akamwambia, mzee, wewe si ulikuwa fundi wa mashine za maji? Tutoe aibu. Mzee akaona raha kuitwa fundi tena. Alhamisi akaitoa sili iliyopasuka, akasuka kamba, akaifunga.

"Na hiyo sili iliyopasuka?"

Mzee alitia mkono ndani ya koti, akatoa leso. Ndani yake vilikuwamo vipande vya pete nyeupe, vimeungua kingo. "Kifaa cha zamani harudishiwi mwenyewe? Nilimpa bosi, akasema tupa. Mimi kifaa cha mtu situpi."

"Kamba ilidondoka?"

"Ilidondoka vizuri!" Akasahau kulia. "Tone moja kwa kila ukihesabu kumi. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ila umeme ukawa unakatika. Ijumaa nzima unakatika, wageni wanalalamika, bosi anawasha, unakatika. Jumamosi mchana ukaacha. Nikamshukuru Mungu, nikasema kamba imekaa sawa."

"Ulipoacha kukatika, ulikwenda kuitazama kamba?"

"Nilikwenda."

"Tone lilikuwa limeacha?"

Mzee alifikiri. Akafumba macho, akawa anahesabu kwa vidole. Alipofumbua alikuwa amechanganyikiwa. "Hapana. Lilikuwa palepale. Moja kwa kumi."

"Ahsante, mzee," Scolastika alisema, akasimama. "Davis, kamlete Elius. Na mwambie Bwana Nyagawa namhitaji kwenye kibanda, aje na funguo zake."

Hilario aliingia kibandani amefura kabisa. Simu iko mkononi, tayari kumpigia mtu mkubwa.

"Nimesahau jambo dogo," Scolastika alisema. "Nataka kuiona breka ikipimwa."

"Ipimeni! Ndicho ninachosema siku zote."

Alifungua boksi kwa ufunguo wake. Elius aliunganisha taa ya majaribio na waya wa ethi, umeme ukavuja kidogo, na breka ikaruka kabla taa haijawaka. Tap!

"Unaona?" Hilario alichanua uso. "Nzima!"

"Nzima kabisa. Na hapo ndipo ulipojikaanga, bwana."

"Sijakuelewa."

"Utanielewa. Pampu ilikuwa inadondosha maji kwenye mota tangu Alhamisi. Ijumaa breka ikakata siku nzima, wageni wako wanalo la kusema juu ya hilo. Jumamosi mchana ikaacha kukata, na tone lilikuwa bado linadondoka. Breka nzima, tone lipo, umeme haukatiki. Hiyo haiwezekani, ila kama umeme ulikuwa haupiti kwenye breka."

"Huyo mlevi wa getini ndiye aliyekupa..."

"Sijamtaja mtu wa getini. Elius, toa nyaya za breka. Zote nne."

Elius alizima swichi kuu, akalegeza skrubu, akazivuta nyaya moja moja. Akaziinua kwenye mwanga wa mlango. Ncha za shaba zilikuwa zimenyooshwa kwa koleo, lakini bado zilikuwa na mkunjo wa kuzunguka, kila mbili mkunjo wake unaingiana. Kwenye mpira wa nje kulikuwa na gundi nyeusi ya utepe, bado inanata.

"Hizi zilisokotwa pamoja, afande," Elius alisema polepole. "Ya kuingia na ya kutoka. Zilifungwa utepe, breka ikabaki pembeni haina kazi. Halafu mtu akazifumua, akazirudisha." Akageuka, na kwa mara ya kwanza sauti ikampanda. "Bosi! Ulizisokota? Nilikuonya siku nilipofunga, nikakwambia ikikata usiiruke, niite!"

"Mimi sikugusa chochote! Mtu yeyote angeweza kuingia humu!"

"Humu kibandani, ndiyo," Scolastika alisema. "Ndani ya boksi, hapana. Ufunguo ni mmoja, haubanduki kiunoni, ukilala unalala nao. Umesema mwenyewe asubuhi, mbele ya mashahidi."

Hilario alimtazama Davis, akautazama ufunguo uliokuwa bado unaning'inia kwenye mlango wa boksi.

"Wageni walikuwa wanalalamika," alisema hatimaye. "Harusi nzima inanicheka. Nilisema ni ya siku mbili tu, hadi huyu arudi kutoka Kitulo. Siku mbili tu, Inspekta!"

"Na usiku ule Mwalimu akiwa bado hajafikishwa mochwari, ukaja huku kuzirudisha nyaya."

Scolastika alizitoa pingu, zilezile zilizokuwa mikononi mwa Elius asubuhi, akampa Davis. Davis alifanya kazi hiyo kwa moyo wake wote.

Mzee Ebeneza alikuwa amesimama nje ya kibanda, kofia mkononi, amesikia kila neno. "Na mimi, mwanangu?"

"Wewe utakuja kutoa ushahidi, mzee. Umefunga kamba mahali pasipo pake, na hilo ni kosa, sitakudanganya. Lakini kamba yako ilipoanza kuvuja, breka ililiona kosa hilo na ikapiga kelele siku nzima. Aliyemuua Mwalimu ni aliyeiziba mdomo."

Mzee aliketi chini palepale kwenye nyasi. "Nipeni chai," alisema. "Nina njaa."

Saa nane mchana chumba cha mahakama kilikuwa kimejaa. Elius aliingizwa kizimbani, kwa sababu jina lake lilikuwa bado kwenye orodha na karatasi huwa haziendi mbio kama magari. Mama yake, Oliva, alikaa benchi la mbele ameshika rozari, hajui lolote. Wakili wa serikali alikuwa amemsikiliza Scolastika koridoni kwa dakika kumi, amesoma maelezo mawili mapya, ameuliza maswali matatu, kisha amekunja karatasi zake na kuingia.

Sasa alisimama.

"Mheshimiwa, Jamhuri inaomba kuondoa shauri hili dhidi ya Elius Mligo. Mtu mwingine amekamatwa."

Hakimu aliandika, akainua uso. "Elius Mligo, uko huru. Unaweza kushuka."

Fundi hakushuka. Alizishika nguzo za kizimba kana kwamba hakusikia, akamtafuta Scolastika kwa macho hadi akampata karibu na mlango.

"Afande," aliuliza mbele ya watu wote, "kwa hiyo si mimi niliyemuua?"

Siku nne nzima alikuwa amekana, na siku nne nzima, peke yake mahabusu, alikuwa ameifunga ile sili upya kichwani, boliti kwa boliti, akitafuta alipokosea.

"Si wewe," Scolastika alisema. "Kazi yako ilikuwa safi."

Elius alikaa chini ndani ya kizimba, akalia kwa sauti, mwanaume mzima, mabega yakitikisika, na mama yake akaruka benchi kumfuata bila kuomba ruhusa. Karani aliinua jalada la kesi inayofuata. Hakimu akamzuia kwa mkono, akaweka kalamu mezani, akawasubiri hadi walipomaliza.